Mpeasi wa Baba Niliodhani Umekufa

Hapana, msiniambie ningeuliza kwanza. Ningemuuliza nani, wakati baba yuko Mbesa anamuuguza shangazi? Mpeasi wake wa Kijapani, anaoungoja miaka minne uzae, ulikuwa umepukutisha majani yote. Mparachichi wetu pembeni kijani tupu! Nikajua huu umekufa, na kusubiri mimi siwezi. Nikachukua panga, nikaukata mpaka chini.

Bibi akatoka amejifunika blanketi kwa baridi.

“Shikamoo bibi. Nimesafisha bustani.”

Aliokota tawi, akalikwangua kwa ukucha. Ndani kijani, lina majimaji.

“We mtoto! Huu baridi ikija unalala. Kila mwaka unalala, mvua zikikaribia unaamka. Hiyo fomu foo yako walikufundisha panga tu?”

Baba anaupenda ule mti kiasi kwamba kila akipiga simu anauulizia kabla yangu.

Matawi nimeyafunga kwenye kitambaa kibichi. Kesho asubuhi nayapeleka Mpitimbi kwa fundi wa kubebesha miche, anayepandikiza tawi kwenye shina la mti mwingine, labda ataokoa hata moja. Lakini kabla sijatoka nitampigia baba, nimwambie mwenyewe kabla hajauulizia.