Lugha Inayotaka Salamu

Fundi kompyuta wa ofisi ile alikuwa na vidole virefu, vyepesi, na kila alipomaliza kutengeneza kitu alikifuta vumbi kwa mkono wa shati lake. Utani wake ulikuwa mmoja tu. Alikuwa amejifunza lugha ya ajabu ya kuandikia programu, iliyobuniwa na watu wenye mzaha, isiyotii amri mpaka uisalimu kwanza. "Ukiiamuru kavukavu, inanuna kama mkwe asiyeamkiwa," alizoea kusema, akicheka kabla msikilizaji hajacheka. "Ukizidisha salamu, inasema unajipendekeza, inagoma vilevile!" Watu walitabasamu kidogo, wakachukua kompyuta zao, wakaenda zao.

Siku moja karani wa mapokezi alimpelekea printa ndogo iliyokwama. Alimkuta ameinamia mashine, anaandika huku midomo ikimchezacheza. Kwenye skrini palikuwa na swali: *Habari za tangu jana?*

"Imekuuliza yenyewe?"

"Nimeifundisha mimi, dada. Ukiijulia hali, nayo lazima ikujulie. Ndiyo mantiki yake."

Akacheka peke yake, kama kawaida. Karani hakucheka. Alijaribu kukumbuka ni lini aliingia chumba kile cha fundi bila kuanza na shida ya printa au intaneti, asikumbuke. Akaiweka printa sakafuni, akavuta kiti, akakaa.

"Na wewe, kaka? Habari za nyumbani?"

Fundi akageuka kutazama mlangoni, aone ni nani aliyeingia hata akasalimiwa hivyo.