Sauti ya Kaka Kwenye Kompyuta ya Shangazi

Enzi zetu msiba ulifichwa. Ninyi mliokulia Korogwe na Handeni miaka ile mnanielewa. Mtu akifiwa na ndugu yake wa mbali, hakutumiwa habari ya kifo, alitumiwa habari ya homa. Basi alipanda basi na homa hiyo, akashuka akakuta turubai limefungwa uani.

Sisi watoto tulizijua dalili zote. Tukiwa Manundu tunacheza rede barabarani, vumbi mpaka kwenye kope, tungeona watu wazima wanaingia nyumba fulani wawili wawili jua la saa saba, wanawake wamejifunga kanga viunoni, wanaume wanaitikia shikamoo zetu nusunusu. Mtoto wa nyumba hiyo angeitwa, akapewa andazi zima bila kuomba na kuambiwa aende akacheze mbali. Andazi la bure tuliliogopa kuliko viboko vya mwalimu wa zamu.

Lakini hakuna aliyekuwa na mashaka kama Bibi, mama yake Baba, aliyeishi kijijini ndani ya Kabuku, upande wa Handeni. Alikuwa na sababu. Dada yake alipofariki walimwambia ni mgonjwa tu, naye akasafiri na chupa ya uji wa mgonjwa, akafika watu wanarudi makaburini. Uji ule aliumwaga mbele ya wote, akaapa kwamba hatadanganywa tena. Tangu siku hiyo, ukimpigia hodi kwa upole, Bibi alikuuliza nani kafa.

Sasa kulikuwa na Kaka Rajabu, mzaliwa wa kwanza wa nyumba yetu, aliyelelewa na Bibi huyohuyo. Mashamba ya mkonge yalipoanza kupunguza watu, na Baba akawa miongoni mwao, Rajabu aliuza machungwa kwenye madirisha ya mabasi pale Segera, halafu siku moja akadandia lori la Dar es Salaam. Tukaja kusikia amezamia meli. Barua zake za mwanzo alikuwa anaziandika mwenyewe, herufi zimelala ubavu. Kisha zikakatika muda mrefu, na ziliporudi zilikuwa zimepigwa chapa zote, hata jina lake mwishoni.

Bibi hakujua kusoma, lakini macho alikuwa nayo. "Mkono wa mjukuu wangu naujua," alisema, "na huu si mkono wa mtu." Kwa bahati mbaya, Shangazi Mwanaidi, binti yake mwenyewe, alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mradi wa kilimo mjini Korogwe. Bibi akajumlisha, akapata jibu lake: Rajabu kafia baharini, na Mwanaidi ndiye anayetunga barua. Akatangaza kwamba baada ya Idi atachinja kondoo amsomee marehemu hitma. Mama aliposikia hayo hakula siku ile. Kwake yeye, kumsomea hitma mtoto aliye hai ni sawa na kumchimbia kaburi, na kaburi lililokwisha chimbwa halikosi mtu.

Ndipo ilipokuja sidii. Baharia mmoja aliileta mpaka Segera, ikatufikia Manundu ndani ya gazeti, pamoja na barua fupi ya chapa iliyosema kwamba sauti yake imo humo. Sisi tulikuwa na redio ya kaseti tu. Lakini ofisini kwa kina Shangazi walikuwa wamepata kompyuta ya kukunja, hizi mnazoita laptop, ila ile ilikuwa nene na nzito kama jiwe la kusagia. Shangazi akaomba ruhusa ya kuibeba Jumamosi. Bibi akaitwa kutoka Kabuku. Alifika na kuku mmoja, akatuangalia usoni mmoja mmoja, na alipoona Mama amepika wali badala ya bada, ule ugali wetu wa muhogo, akazidi kushuku. Wali wa nini, na sikukuu haijafika?

Shangazi akaiwasha kompyuta, ikalia ting kwa furaha. Hiyo ting tuliisikia sote, na ndiyo iliyotuponza. Sidii ilikuwa na kisanduku chake pembeni, kimeungwa na kompyuta kwa waya. Akaitumbukiza, ikazunguka kwa mvumo, na kwenye kioo tarakimu zikaanza kuhesabu dakika. Sauti, hakuna.

Akaitoa, akaifuta kwa ncha ya kanga, akairudisha. Kimya. Akaongeza sauti mpaka mwisho, akazima, akawasha, ikalia ting, kisha kimya. Vijana wa leo simu zenu zikikwama kidogo mnatupa mikono juu; Shangazi alihangaika na kile kidude mpaka jasho likamtoka puani. Akaazima kwa jirani sidii ya taarabu aifanyie majaribio. Nayo ikazunguka bubu. Akatueleza kwa matumaini kwamba sidii ya Rajabu basi haina kosa, tarakimu zinakwenda, yaani anaongea ila hatumsikii.

"Hata maiti huongea hivyo," alisema Bibi.

Baba akamwomba asiseme maneno hayo. Bibi akamjibu kwamba kompyuta ikitaka kulia ting inalia, ikitakiwa kumtoa Rajabu inakuwa bubu, na Mwanaidi kaizima hata taarabu ili uongo ufanane. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani karibu na Mama, na nawaambia kweli, nilianza kumshuku Shangazi. Nilikumbuka kwamba asubuhi hiyo alinipa andazi.

Shangazi alirudi kwenye kidude chake. Alikigeuza kile kisanduku taratibu, akakichungulia mbele, akaona kitundu kidogo na kigurudumu cha kuongezea sauti. Akakaa akikitazama. Kisha akasema polepole, akijieleza mwenyewe, kwamba huenda ule waya unapitisha maandishi tu na muziki haupiti, muziki unatokea hapa hapa kwenye kisanduku. Akatoka mbio mpaka kwa muuza betri wa sokoni, akarudi na hedifoni za kuvaa masikioni. Akachomeka, akasikiliza kidogo sana, akafumba macho. "Ni yeye," alisema.

Bibi akamnyang'anya. Lakini hakuzivaa zote mbili. Alitaka shahidi, na shahidi asiwe mtu mzima, maana watu wazima ndio wanaoficha. Akanivuta mimi, mjukuu wake wa kike. "Njoo, mke mwenzangu, wewe uongo hujaujua." Moja akaitia sikioni mwake, nyingine mwangu, vichwa vyetu vikagusana kwa ufupi wa waya. Nikasikia harufu ya ugoro wake, na ndani ya harufu ile, Kaka Rajabu.

Alimsalimu Bibi kwa Kizigua. Alicheka. Alisema kasikia nyumba ya kijijini imeezekwa mabati, sasa Bibi asiamke tena kusogeza kitanda mvua ikinyesha. Mabati yale yalipigwa mwaka uleule; mtu aliyekufa zamani angeyajulia wapi? Mkono wa Bibi ulioshika goti langu ukalegea. Halafu Rajabu akasema, haraka kidogo, kwamba kamba ya meli ilimponda mkono wa kulia, vidole ikabidi vikatwe, ndiyo maana anaandikiwa na rafiki. Tusihuzunike. Akaendelea na salamu za majirani.

Mkono wa Bibi ukanibana tena goti, ukanibana kweli. Bibi akavua, akawatazama walio chumbani. "Mzima," alisema. "Anawasalimu. Hakuna hitma." Mimi nikainamisha kichwa. Uongo nilijifunza hapo hapo.

Akasikiliza Baba. Tulimwona taya likikaza, kisha akavua, akakohoa, akasema kijana yuko vizuri na kazi inaendelea. Akasikiliza Shangazi, safari hii mpaka mwisho, akasema kweli yuko vizuri. Kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake jambo ambalo mwenzake angelisikia muda mfupi baadaye kwa masikio yake mwenyewe, au alikuwa amekwisha kulisikia.

Wa mwisho alikuwa Mama. Alizivaa zote mbili, akatupa mgongo, akakaa hivyo mpaka sidii iliposimama, na hata iliposimama hakuzivua. Alipogeuka alikuwa anatabasamu.

"Sauti yake inaonyesha amenenepa," alisema, akaenda kupakua wali.

Barua za chapa ziliendelea kuja na Bibi hakuzilalamikia tena. Habari ya mkono haikutajwa nyumbani kwetu mpaka Rajabu alipokuja mwenyewe, miaka mingi baadaye, akanyoosha wa kushoto kusalimia, nasi sote tukaupokea kana kwamba ndivyo watu wanavyosalimiana.

Siku hizi hakuna tena homa kidogo. Watoto wetu wanaweka kila kitu kwenye simu, cha moto na cha baridi, na wanatushangaa sisi tulioishi kwa kufichana. Mama alipofariki nilikuwa Dar es Salaam, kwenye foleni ya kulipia umeme. Simu ikatikisika, nikafungua kundi la familia, nikaiona picha yake na maneno chini yake, na watu wameshaanza kuandika pole. Hakuna aliyenidanganya hata kidogo. Nilipanda basi la Korogwe nikijua kila kitu, na njia nzima nilitamani mtu angeniambia kwamba Mama ana homa tu, niamini, angalau mpaka Segera.