Ngozi ya Ndani

Kaka yangu alifanya kazi kwenye karasha nje ya Kahama. Alimimina mawe ya dhahabu kwenye mashine, nayo iliyasaga yakawa unga. Jioni alirudi kope nyeupe. Alijifunga fulana puani, akidhani inatosha.

Alipoanza kukohoa tulisema ni mafua. Baadaye akapewa dawa za kifua kikuu, akazimaliza, na kikohozi kikabaki. Safari ya mwisho hospitalini tulienda watatu: yeye, mama na mimi. Daktari, kijana mpole aliyeonekana kuchoka kutuzidi, aliinua picha ya kifua kwenye mwanga.

"Njia ya hewa ina utando mwororo kwa ndani," alisema. "Utando huo hutoa ute wa kunasa vumbi, na una vinyweleo vidogo mno vya kulisukuma juu ulikohoe. Lakini vumbi la mawe ni laini sana. Lingine hupita mpaka kwenye vifuko vya hewa, na huko hakuna vinyweleo. Likikaa, linaacha makovu."

"Dawa yake?" kaka aliuliza.

"Ya kuyafuta makovu hakuna. Acha karasha, ndugu yangu. Usiyaongeze."

Mama hasikii Kiswahili vizuri, nikamweleza kwa Kisukuma. Neno la utando sikulipata. Nikasema ngozi ya ndani.

"Ngozi ya ndani ya nini?"

Nilirudia pale, nikarudia kwenye basi, bado hakuelewa.

Wajomba walipokuja kumjulia hali kaka, tulichinja mbuzi. Mama akaniita jikoni. "Sasa nionyeshe hiyo ngozi ya ndani."

Nilipasua koo la hewa la mbuzi kwa urefu. Akapitisha kidole ndani, kikateleza. Akalibonyeza pafu, likabonyea, kisha likainuka polepole.

"Kumbe ndani ni laini hivi," alisema. "Na mwanangu amemeza mawe."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo ili apate pumzi. "Sikuyameza, mama. Niliyavuta."

Mama akacheka, nasi tukacheka, hata kicheko kikamgeukia kaka kikohozi. Tukangoja kiishe. Kilichukua muda. Mama hakuondoa mkono mgongoni mwake, na machozi yalimtoka bila sauti.

Karasha ameiacha. Ng'ombe hawezi kuwafuata, jembe ndiyo kabisa. Anachambua mchele, anatengeneza redio za majirani. Mama hunyunyiza maji uani kabla ya kufagia, na jiko la kuni amelihamishia mbali na chumba cha kaka. Shamba la mpunga limebaki langu, na mifugo pia.

Jana nilirudi mgongo unauma, nikamkuta amebeba ndoo kutoka kisimani. Alikuwa ameitua njiani, amekaa pembeni yake. Nilitaka kumpokea.

"Niache," alisema. "Nitafika."

Nikakaa naye chini. Tulipumzika wote wawili, kisha akainuka, akaibeba mpaka nyumba ya jirani, akaitua tena.