Mstari Uliofutwa na Kompaila

Siku tatu nzima nilikaa kibandani kwangu Kibiti, ninapotengeneza simu za watu, nikiitukana kompyuta. Wateja walikuja na simu zao zilizopasuka vioo, wakaniona uso, wakageuza njia. Mstari niliokuwa nauhangaikia, wa programu ya kifaa nilichokiunda, ulikuwepo, nauona kwa macho yangu: kama kipimo hakipo, toa onyo. Na onyo halikutoka.

Kifaa chenyewe nilimtengenezea mama mkubwa, dada yake mama, anayelima mpunga Chumbi, bondeni kabisa. Kila msimu huhamia shamba, akalala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, alinde shamba lisiliwe na nguruwe. Mbegu zake alirithi kwa bibi yetu na hajawahi kuzichanganya. Majirani wakiishiwa huja kwake. Kila jioni alikuwa akipandisha magunia mawili ya mbegu dunguni kwa ngazi, hata kama mto umelala. Mimi, msomi wa ukoo, nikauonea huruma mgongo wake. Nikafunga kipimo mtoni, nikakiunga kwa waya na kifaa kilichokuwa kinamtumia ujumbe kwenye simu kuhusu hali ya maji.

"Mama, acha kujitesa na magunia," nilimwambia. "Mto ukianza kupanda utaambiwa."

Akaniamini.

Alfajiri moja alishuka kwenda kutia udhu, akakanyaga maji. Magunia aliyoyaacha chini hayapo. Yuko vile vile, maji magotini, simu ikalia: "Maji yako chini. Hali salama." Hadi leo nikiukumbuka ujumbe ule natamani kuvunja kitu.

Nilipofika nilikuta kiboko amekanyaga waya wa kipimo, umekatika. Lakini hilo nililitarajia! Nani wa Rufiji asiyewajua viboko? Ndiyo maana niliuandika ule mstari. Mezani kwangu niliujaribu mara kumi: nikichomoa waya, kifaa kinatuma, "Kipimo kibovu."

Siku ya tatu ndipo nilipoelewa. Kompaila ni programu inayogeuza maandishi yangu kuwa maagizo ya mashine. Kumbukumbu ya kifaa ni ndogo, kwa hiyo dakika za mwisho, kabla sijaenda kukifunga, niliiamuru kompaila ibane programu iwe fupi na nyepesi. Nami nilikuwa nimeandika kizembe: kwanza soma namba ya kipimo, halafu uliza kama kipimo kipo. Kwenye C, lugha niliyoandikia programu, kusoma kisichokuwepo ni kosa ambalo kompaila inaruhusiwa kuamini kwamba halitokei kamwe. Ikajisemea: huyu amekwisha kusoma, basi kipimo kipo, swali la nini tena? Ikalifuta. Ni kama kuuliza kikombe kiko wapi wakati chai umeshainywa. Waya ulipokatika, kifaa kikawa kinaokota namba isiyo na maana kumbukumbuni, ndogo, ile ile kila siku, kikaitangaza kuwa ndiyo kina cha mto.

Bila kuniambia hata neno! Nilichokijaribu mezani sicho nilichokifunga mtoni. Ujanja mwingi mbele kiza, na ujanja ulikuwa wangu. Dawa yenyewe ilikuwa kubadilisha nafasi za mistari miwili, uliza kwanza ndipo usome, nayo haikuchukua hata dakika.

Nilirudi Chumbi kumweleza mama mkubwa. Alinisikiliza huku anaanika mikeka iliyolowa chini ya dungu.

"Kwa hiyo onyo uliliandika?"

"Niliandika, Mama."

"Nani akalifuta?"

"Kompaila. Ile programu."

"Na nani aliiambia ipunguze?"

"Mie."

Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alijifunga kanga, akachukua kikapu kitupu, akasema, "Twende." Tukakata majaruba ya mpunga hadi kwa jirani mmoja, mama ambaye msimu uliopita alipewa mbegu na mama mkubwa. Mvua zilikuwa zimeshaanza na bonde zima lilikuwa linapanda.

Tulipofika uani mama mkubwa alisimama, akakitazama kikapu, asijue akishike vipi. Kisha akanisogezea.

"Sema wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Mie nimezoea kugawa. Kuomba sijui."

Nikakipokea, nikapiga hodi, nikaomba.