Kura ya Kufumba Macho

Mama Pindo alipokata suruali ya mteja mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mwenzake, mumewe akajua mambo si shwari. Hebu fikiria! Mwanamke aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna mjini anayekunja pindo likanyooka kama lake, leo anaharibu suruali ya watu.

“Hiyo bodi yenu inakupa nini zaidi ya presha?” mumewe aliuliza, huku akipiga pasi kwenye kona ya kibanda chao cha kushonea.

“Haitupi kitu. Tunajitolea.”

“Basi jitoe!”

Akacheka peke yake. Mama Pindo alikuwa anafumua nyuzi.

Bodi yenyewe ni ya chama kidogo kinachotunza chemchemi iliyo nje kidogo ya mji. Kilianzishwa na kaka yake, marehemu sasa, mtu aliyependa kupanda miti hadi watu wakamwita Bwana Miti. Ndiye aliyemburuta dada yake kwenye bodi. “Nataka angalau mjumbe mmoja asiyependa kusikia sauti yake mwenyewe,” alisema, na kweli Mama Pindo alikaa miaka kwenye vikao akitikisa kichwa tu na kumimina chai.

Sasa sikia balaa. Ile mikaratusi aliyoipanda Bwana Miti kuizunguka chemchemi, watu wakampigia makofi na kupiga naye picha, ndiyo inayoimaliza. Inakunywa maji mchana na usiku, haishibi. Chemchemi imebaki tope, na vyura waliokuwa wakipiga kelele mpaka wanakera, kimya. Mtaalamu wa maji alipoletwa hakuuma maneno: miti ikibaki, chemchemi haivuki kiangazi kijacho. Ndipo mwalimu mstaafu, mjumbe mwenzao, akasema kikaoni lile ambalo kila mtu alikuwa amelimeza: ikatwe.

Tatizo ni mwenyekiti. Mwenyekiti ni mjane wa Bwana Miti, yaani wifi yake Mama Pindo, na si wifi wa kutaniana kwenye sherehe tu. Ndiye aliyemnunulia cherehani ya kwanza. Ndiye aliyemshika mkono alipojifungua, mumewe akiwa nje anazunguka kama kuku mwenye kideri. Tangu afiwe, jioni huenda kukaa chini ya mikaratusi ile, mgongo kwenye shina, anamsimulia marehemu habari za nyumbani. Hoja ya mwalimu hakuibishia. Alisema tu, “Jumamosi tutapiga kura,” akafunga mkoba akaondoka. Na tangu siku hiyo hajapita kibandani kunywa chai, wala simu hajapiga. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Mama Pindo alikuwa anausubiri mshindo huo usingizi ukimkataa.

Angefanyaje? Akinyanyua mkono, anamkata kaka yake, afe mara ya pili, mbele ya mkewe. Asiponyanyua, chemchemi inakufa, naye atajua ni nani aliyeiacha ife.

Ungesema, si apige kura kwa siri? Ndiyo, lakini chama hiki kina utaratibu wake. Bwana Miti alikuwa amechoshwa na watu kunyanyua mikono wakimfuata mwenye mdomo mkubwa, akaamuru kila mjumbe afumbe macho wakati wa kura. Mwenyekiti peke yake ndiye hubaki macho wazi, maana lazima mtu ahesabu. Kwa hiyo Mama Pindo angefichika kwa dunia nzima, isipokuwa kwa yule mmoja anayemwogopa. Haya, kaka, asante sana!

Jumamosi wakakutana kwenye chumba chao cha siku zote, nyuma ya duka la mbolea, viti vya plastiki na harufu inayowasha pua. Wifi aliingia, akasalimia wote kwa pamoja, macho yake hayakutua kwa Mama Pindo hata kidogo. Chai aliyokuwa anamimina ikamwagikia sahani ya mjumbe mwingine, daktari wa mifugo, naye daktari kwa adabu akajifanya hajaona.

“Mnaijua hoja,” wifi alisema. “Fumbeni macho. Anayetaka miti ikatwe, anyanyue mkono.”

Mama Pindo akafumba. Akaiona cherehani ile ya kwanza, akaliona tope. Nisamehe, wifi, alisema moyoni, akanyanyua mkono.

Kwa kawaida mwenyekiti huhesabu haraka, husema, “Asanteni, shusheni.” Leo hakusema. Mkono ukaanza kufa ganzi. Ananitazama, aliwaza. Amenitazama na ameshanitoa moyoni mwake. Akavumilia mpaka uvumilivu ukamwishia, akavunja utaratibu wa kaka yake: akafumbua jicho.

Mwalimu alikuwa amenyanyua. Daktari wa mifugo amenyanyua, nusu nusu, kama mwanafunzi asiyejua jibu. Mweka hazina kajikunyata, mikono kwapani. Na pale mbele, mwenyekiti alikuwa amefumba macho kwa nguvu, machozi yakimteremka mpaka kidevuni, na mkono wake uko juu.

“Wifi,” Mama Pindo alinong’ona, “umefumba macho. Nani anahesabu?”

“Hesabu wewe,” wifi alijibu bila kufumbua. “Mimi nimeshindwa. Niliogopa nikiangalia nitaukuta mkono wako uko chini, niwe nimemkata kaka yako peke yangu.”

Mama Pindo akasimama. Akaanza kuhesabu kwa sauti, akaanzia mkono wa wifi yake.