Matundu ya Chini

Nikipasua alimeti, njiti ya kiberiti, ile harufu ya kwanza inanirudisha kwenye hoteli ya maji ya moto, kule milimani Masisi, mwaka ule papa, baba yangu, alipokufa. Nilikuwa na miaka minane. Masomo yangu yaliishia pale.

Wazungu waliojenga walikuwa wamekwisha kwenda. Mama alibaki kulinda, na sisi tukalala katika chumba cha kuvulia nguo: ngazi tatu kushuka, kuta za mawe meusi ya volkano, sakafu ya vuguvugu kwa sababu maji yalipita chini yake. Chumba kizuri! Niliona kosa moja tu. Chini kabisa ya ukuta, upande wa bondeni, kulikuwa matundu manne, kila moja kama ngumi, na baridi iliingia humo bila hodi.

Mudogo wangu Bahati alikuwa anakohoa. Asubuhi moja mama alienda kutafuta kuni, akaniachia neno: "Huyo mutoto asisikie baridi. Umesikia?"

Nilisikia. Nilipasua pindo la gauni yangu nyekundu, nikaziba matundu yote, nikapanda kusugua sufuria. Kikohozi kikanyamaza. Nikafurahi, mimi mujinga.

Mama alirudi, akasimama na kuni kichwani. "Mbona hakohoi?"

Akazitupa, akashuka. Aliwasha alimeti, akaiteremsha. Ilipofika kwenye goti lake ikazimika. Mazuku, ile hewa mubaya inayolala mahali pa chini na kuua. Alimubeba Bahati mpaka juu, midomo ya bluu, shingo imelegea. Tulingoja. Halafu akakohoa.

"Nani ameziba?"

"Panya, mama."

"Panya wa gauni nyekundu?"

Nilingoja fimbo siku ile, na kesho yake, na juma nzima. Haikuja.

Nilipokuwa mukubwa, nikibebea wajenzi mawe, muzee mumoja aliyejenga hoteli ile aliniambia: "Muzungu alichora bila matundu. Ni mimi nilimwambia: Patron, mazuku ikikosa pa kutokea, humu mutu atalala asiamke." Na ile fimbo isiyokuja, niliielewa nilipozaa. Amri ilikuwa ya mama. Fimbo ilikuwa imekwisha kumupiga yeye.

Leo niko na nyumba tatu Katoyi, shamba la viazi Kibumba, ng'ombe wawili. Sikurithi hata jiwe. Kila nyumba ina matundu ya chini. Wapangaji wanayaziba na matambara. Mimi ninapita asubuhi na kijiti, ninayazibua. Wakinuna, wanune. Bahati anakaa katika nyumba ya kwanza. Pale ninasimama mulangoni mpaka nimusikie akikohoa.