Springi za Shemeji

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa mtu wa kuogopwa enzi zile sukari ilipokuwa ya kugawiwa. Alisimamia duka la ushirika pale Kyela mjini, na kwa miaka mingi hakuna mwanamke wa kijijini kwetu Bujonde aliyepata kanga mpya bila kwanza kusimama mbele ya meza yake akaangaliwa kuanzia miguuni kupanda juu. Halafu ikaja miaka ya ruksa. Wenye maduka pale mjini wakafungua milango yote miwili, vitu vikaingia kutoka Malawi mchana kweupe, sukari ikarundikwa barazani mtu achukue atakavyo, na duka la ushirika likabaki na viberiti vyenye unyevu na harufu ya panya. Shemeji akarudi nyumbani na kiti alichokuwa akikalia kazini. Sitanii. Alikibeba kichwani kutoka mjini, akakiweka uani, akakaa.

Alikaa miezi mingi akitusimulia wakubwa waliowahi kumpigia magoti kwa ajili ya sabuni. Wakati huo mimi na mke wake, ambaye nilimwita dada kwa kuwa alinitangulia katika ukoo ule, tulikuwa tukinunua mpunga kwa wakulima wa Talatala, tunaukoboa na kuwauzia mchele watu wa Mbeya. Dada alikuwa mwanamke wa maneno machache sana. Unaweza kupepeta naye mchele asubuhi nzima usisikie zaidi ya kikohozi. Lakini mpunga wake na wangu ndio uliolisha nyumba zote mbili, na ndio ulionunua pikapu.

Kulikuwa na mradi wa wageni uliokuwa ukifungasha virago na kuuza magari yake. Hiyo yetu ilikuwa nyeupe, yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, imezoea matope na milima. Shemeji ndiye aliyekwenda kuichukua. Mume wangu, ambaye alimwogopa kaka yake tangu walipokuwa wakichunga ng'ombe na hakuwahi kuacha, alisema haipendezi wanawake kwenda kununua gari. Basi tukabaki nyumbani tukipika, na jioni shemeji akaingia nalo uani akipiga honi, amevaa suti, kama vile amelitengeneza yeye.

Tangu siku hiyo hakuketi tena kwenye kiti. Aliendesha. Alipakia magunia hadi yakapita kichwa cha gari, na juu ya magunia akapakia watu, kila aliyemwita bosi. Tukimwambia mzigo umezidi, anajibu kwamba gari hili ni la kazi. Hata punda huambiwa hivyo.

Chini ya gari la namna ile, kwa nyuma, kuna springi zilizopangwa kama majani ya chuma, moja juu ya jingine, yamejikunja mfano wa upinde. Upinde huo ndio unaobeba. Za kwetu zilianza kunyooka, kisha zikalala kabisa, na pikapu ikawa inatembea pua juu na makalio chini kama mbwa mwenye minyoo. Tukienda gizani taa zinamulika migomba badala ya barabara. Mimi sikuhitaji kuambiwa na mtu. Nilikuwa nikipanda nyuma, na kila shimo la njia ya Talatala nililipokea kwa uti wa mgongo. Siku moja gari lilipoinuliwa kwa jeki ili tubadilishe tairi, nikachungulia chini na kuona jani moja limekatika kabisa, kutu imeshaingia kwenye jeraha.

Nikamwendea. Nikamwambia kwa adabu kwamba springi zimechoka, moja imevunjika, zipelekwe Mbeya zikakunjwe upya, nasi tupunguze magunia. Aliniangalia kwa jicho lile lile la enzi za sukari.

"Shemeji," akasema, "wewe shughulika na mchele wako. Gari lina wenyewe."

Dawa yake ya kwanza ilikuwa vipande vya tairi kuukuu vilivyobanwa juu ya springi. Vilidumu mpaka mvua ya kwanza. Ya pili ilikuwa fundi wa pale karibu na stendi, mtu ambaye kwa maoni yangu alikuwa na kipaji kimoja tu, kukubali. Ukimwambia gari linavuta kulia, anakubali. Akija mwingine akasema linavuta kushoto, anakubali pia. Shemeji alimweleza kwamba anataka gari lisimame juu, lisimame kiheshima, na lisimame hivyo haraka, kwa kuwa wakwe walikuwa wanakuja. Binti yake wa kwanza alikuwa amechumbiwa na kijana wa Karonga, upande wa pili wa mpaka, na wazazi wa kijana walikuwa wafanyabiashara wa vitenge wenye jina. Shemeji hakuwa tayari kuonekana mbele yao na gari lililochuchumaa.

Fundi akakubali. Majani yaliyochoka akayaacha humo humo, hata lile lililokatika. Akaongeza jani moja nene la lori, na kati ya springi na ekseli akachomeka vipande vya mbao, akavikaza kwa boliti ndefu. Gari likapanda. Lilipanda mno, nyuma ikawa juu kuliko mbele, kama bata anayetumbukiza kichwa majini. Shemeji akalizunguka mara nyingi, mikono nyuma, anatabasamu. Akabonyeza nyuma kwa uzito wake wote, halikutikisika hata kidogo, naye akaona huo ndio uimara. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa naye anatabasamu, kwa sababu kaka yake alikuwa anatabasamu.

Siku ya wageni, shemeji alikwenda kuwapokea mpakani Kasumulu. Mimi na dada tulikwenda naye. Mume wangu alibaki Bujonde kuangalia nyama. Walikuja watatu: baba wa kijana, aliyekuwa mzee mwembamba mwenye kofia, na shangazi wawili wenye magauni mazuri. Kwa lugha walikuwa watu wetu kabisa. Tulisalimiana kwa Kinyakyusa kama tuliolelewa jiko moja. Mzee akaketi mbele. Shangazi wale wakapandishwa nyuma pamoja nasi. Mtu mwenye akili angewapeleka moja kwa moja nyumbani. Shemeji aliwapitisha kwanza Talatala, akapakia magunia yetu ya mpunga yaliyokuwa yakisubiri huko, ili mkwe aone kwamba amekuja kwenye shibe.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Gari lile lilikuwa gumu kama benchi, halikubonyea, lilirusha. Kila shimo lilitutoa kwenye magunia na kuturudisha. Shangazi mmoja aliuma ulimi, akatema damu kwenye leso, akasema ndaga, yaani asante, nilipomshika mkono, kama vile nimemfadhili kitu. Niliona aibu ambayo haikuwa yangu, na hakuna aibu inayochosha kama hiyo.

Kabla ya kufika Bujonde kuna bonde dogo ambalo maji huvuka barabara. Shemeji aliingia kwa kasi. Nikasikia mlio kama mti unaokatika, gari likakaa upande. Ubao mmoja ulikuwa umepasuka na kuchomoka, ekseli ikasogea, na tairi la nyuma likakandamizwa kwenye bodi. Halikuweza kwenda mbele wala nyuma.

Shemeji alitoa kichwa dirishani. Akatuagiza tushuke tusukume. Alitaja wote, na shangazi wa watu akawataja. Yeye hakugusa mlango; alikuwa na suti.

Dada akashuka. Maji yalimfika kwenye magoti. Akainama akachungulia chini ya gari, akakitazama kile kipande cha ubao kinavyoelea, akazunguka hadi kwenye dirisha la mume wake. Hakupaza sauti.

"Zima gari ushuke," akasema. "Limenunuliwa kwa mpunga wangu, na umelivunja."

"Unasema na nani?"

"Nasema na wewe."

Nilikuwa nimeishi naye kwenye ua mmoja tangu nilipoolewa na sikuwahi kumsikia akimjibu mwanaume yule. Mkwe alikuwa ameshafungua mlango wa upande wake. Alikunja suruali taratibu, akaja nyuma, akaomba atwishwe gunia. Baba wa bwana harusi mtarajiwa, mgeni wa heshima, amebeba mpunga wetu begani ndani ya maji. Kwetu hilo ni jambo ambalo mtu huwahadithia hata wajukuu.

Hapo ndipo shemeji aliposhuka. Mguu wa kwanza ulizama na kiatu kikabaki chini. Akainama akakitafuta kwa mikono yote miwili, tai inaogelea mbele yake, kisha akainua uso kututazama. Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Badala yake nikauona uso wa mume wangu katika uso ule, uso wa mtu asiyejua afanye nini watu wanapoacha kumwogopa, na huruma ikanigusa. Sikuipenda. Nikachukua gunia langu nikavuka.

Tulifika nyumbani kwa miguu, tumelowa wote. Mume wangu aliposikia yaliyotokea aliuliza swali moja tu: je, kaka amekasirika?

Posa haikuharibika. Mkwe alikula vizuri, na alipokuwa akiagana alimshukuru dada kwanza, kabla ya shemeji.

Springi tulizipeleka Mbeya sisi wawili. Gari lilipovutwa kutoka bondeni, fundi wa stendi alizifungua. Tulimwambia azifungue, akakubali. Tukazipakia kwenye buti la basi zikiwa zimefungwa kwenye magunia. Huko tulimpata fundi mwenye karakana kubwa, mlevi wa sifa zake mwenyewe, aliyetuuliza bwana wetu yuko wapi kabla hata hajatusalimu.

"Yupo uani," dada akasema. "Amekalia kiti."

Fundi alifungua springi jani moja moja, akalaza kila moja juu ya fuawe na kulipiga nyundo polepole kutoka ncha hadi ncha, mpaka upinde ukarudi. Kazi aliijua, siwezi kumnyima hilo, ila alijisifu tangu mwanzo hadi mwisho, na tulipogeuza macho akajaribu kulirudisha jani lililokatika katikati ya mazima, ambapo lisingeonekana. Dada akalichomoa kwa mkono wake akaliweka mbele yake. Fundi akatafuta jingine la kipimo hicho hicho, akinung'unika kwamba wanawake wa Kyela wana macho mabaya.

Zilipofungwa, pikapu ilisimama sawa, mbele na nyuma. Ukiibonyeza inashuka kidogo na kurudi. Tulimwajiri dereva, na siku za kupakia dada alisimama nyuma ya gari. Akisema basi, ni basi. Funguo alizifunga kwenye pindo la kanga.

Shemeji hakututajia Mbeya hata siku moja. Ila wageni wakija anawapeleka kwenye gari, analibonyeza, anawaambia kwamba springi zile alizituma kwa mtaalamu wake. Siku moja alisema hivyo dada akiwa amesimama pale pale na ungo. Baadaye nikamuuliza kwa nini hakumkatalia. Akasema mchele una mawe mengi leo, tuanze.

Kuna asubuhi shemeji aliomba lifti kwenda mjini. Mbele tulikuwa tumejaa, dereva, dada na mimi. Alisubiri kidogo, akidhani mmoja wetu atashuka kumpisha. Hakushuka mtu. Akapanda nyuma na suti yake, akaketi juu ya magunia. Pale stendi alishuka, akajipangusa pumba za mpunga kwenye suruali, na kabla hatujaondoka nikamsikia akimweleza mtu fulani kwamba gari hili ni lake, amelifanyia matengenezo makubwa sana.